Nyasi Mbele ya Kufuli

Mvua ilianza jioni, na usiku ulipoingia Evodia alikuwa bado hajafunga mlango wa mbele. Aliurudishia tu, akasogeza kigoda karibu, akakaa akisikiliza. Mvua ikipiga bati namna ile humsikii mtu anayekuja, basi kila mara aliinuka, akafungua kidogo, akachungulia kwenye migomba. Hakukuwa na mtu. Akarudi kukaa.

Alikuwa mwanamke wa hofu tangu usichana. Watoto wake, ambao sasa ni watu wazima, walizoea kumcheka kwamba mama akisikia lori limepita barabarani anaanza kumwombea dereva asiyemjua. Lakini usiku huu hofu yake ilikuwa na jina na mahali. Mumewe, Kagaruki, alikuwa kwenye kikao cha kamati ya chama cha wakulima wa kahawa, na kamati ilikuwa inaamua kama wanawake wa darasa la watu wazima waendelee kutumia ukumbi wa chama au watolewe.

Jumamosi, yaani keshokutwa, afisa wa elimu ya watu wazima angekuja kutoka Muleba mjini kuona kama kweli pale Izigo kuna kituo cha masomo. Akikuta darasa limekaa na linasoma, watafanyia mtihani hapahapa. Akikuta kufuli, ataondoka, na atakayetaka mtihani aende Bukoba. Nani kati yao angeweza kuacha ng'ombe, wagonjwa na wajukuu akalale Bukoba siku zote za mtihani? Kukosa ukumbi kulikuwa ni kukosa mtihani. Kila mmoja alilijua hilo, pamoja na mwenyekiti wa kamati.

Kagaruki alifika amelowa. Alivua mabuti mlangoni, akayagonga ukutani polepole, kama mtu anayetafuta kazi ya kumchelewesha.

"Kula kwanza," Evodia alisema, ingawa hakutaka ale.

"Ndizi zimepoa?"

"Zimepoa. Sema, Ta Kagaruki," akasema, akimwita kwa heshima ya kwao.

"Wamefunga." Alikaa. "Wameweka kufuli jipya. Mwenyekiti anasema msimu wa kahawa unakaribia, ukumbi unatakiwa uwe ghala."

"Kahawa bado ni ya kijani mitini."

"Lakini yeye ndivyo alivyosema."

"Na wewe ulisemaje?"

Kagaruki aliivuta sahani ya chakula, akamenya maneno kabla ya kuyatoa. "Nilinyamaza. Ni kaka yako yule, Evodia. Huku mke wangu, huku shemeji yangu. Ningesemaje?"

"Kwa mdomo," alisema Evodia.

Kagaruki akacheka kidogo, halafu akaacha alipoona yuko peke yake katika kicheko hicho. "Na wewe nawe," akasema, "ungemwacha tu siku ile akasoma karatasi yake."

Evodia aliinuka. Alifunga mlango, akatia komeo, akaenda kulala akiwa macho.

*

Karatasi yenyewe ilikuwa wasifu wa marehemu dada yao, Alistidia.

Alistidia hakuolewa. Alikaa miaka mingi Ijuganyondo, pale Bukoba, akipika katika jiko la shule ya bweni. Aliwapikia maharage wasichana wa watu hadi macho yake yakawa mekundu kwa moshi. Wasichana walikuja, wakamaliza, wakaenda vyuoni, wengine wakarudi wakiwa walimu na kumwita "Mama Maharage". Alipofariki, mwaka jana kabla ya Krismasi, aliletwa Izigo azikwe kwenye kibanja cha baba yao, na Rugaibula, kaka yao mkubwa, msomi wa familia na mwenyekiti wa chama, ndiye aliyesimama kusoma wasifu.

Watu walikuwa wamejaa hadi chini ya migomba. Padri alikuwepo. Rugaibula alisoma kwa sauti yake nzuri ya kanisani: marehemu alizaliwa hapa Izigo, alibatizwa, alikuwa mchapakazi. Kisha akasema, "Alipata elimu ya msingi, lakini hakubahatika kuendelea na masomo."

"Alifaulu," sauti ilisema kutoka kwa wanawake waliokaa chini.

Waliokuwa karibu walidhani Evodia analia, wakamshika mabega. Kwetu wasifu wa marehemu haukatizwi. Hata mwenye kinyongo hungoja kaburi lifukiwe, ndipo akaseme yake kwenye pombe. Lakini Evodia aliitoa mikono yao, akasimama kabisa.

"Alifaulu, kaka! Sema alifaulu. Alichaguliwa kwenda sekondari, jina lilikuja, akazuiwa abaki kulima. Hiyo si bahati. Bahati haina miguu ya kuja nyumbani kumzuia mtoto!"

Rugaibula alisimama na karatasi yake, midomo ikicheza. Padri akakohoa. Mtu fulani akaanzisha wimbo, wimbo ukawafunika wote wawili, na maziko yakaendelea. Lakini kwa wiki nyingi habari ile ilitembea kwa kasi kuliko pikipiki: Ma Evodia kamkatiza kaka yake mbele ya jeneza.

Lile darasa lilikuwa limeanza kabla ya hapo. Mwalimu Annastella, binti aliyefundisha sekondari na kuishi Ijuganyondo na aliyemjua Alistidia tangu utoto, alikuja kila Jumamosi kwa gharama yake mwenyewe kufundisha watu wazima waliotaka kufanya mtihani wa sekondari. Siku nyingine walijisomea wenyewe mchana, wakitoka shamba. Watu waliwaita "wanafunzi wenye wajukuu." Walipopita na madaftari, wanaume kwenye kilabu waliwauliza kama mwalimu amewaruhusu kwenda chooni.

Kila mmoja alikuja na sababu yake. Yasmin, mwenye duka la nguo, aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya mimba. Mtoto mwenyewe sasa ana ndevu. Alitaka kufundisha watoto wadogo, na chuo kilimtaka alete kwanza cheti cha kidato cha nne. "Watoto wa mtaa mzima nimewalea bure," alisema. "Sasa nataka niwalee kwa cheti."

Verdiana, muuza dagaa, alisema yake wazi. "Mume wangu akileta wageni wake, wakitaka kunisema wanahamia Kiingereza. Nataka siku moja niwajibu hukohuko. Halafu niende jikoni, niwaache na njaa."

Evodia peke yake hakuwahi kusema. Alijificha nyuma ya maneno kama "najaribu tu" na "nisikae bure." Aliogopa hata kuliwaza jambo lenyewe. Siku ile ya maziko ndipo alipolisikia mwenyewe likitoka katika sauti ya kaka yake. Hakuwa akifikiria kazi wala chuo. Alijua kwamba siku moja watu watajaa chini ya migomba yake naye, na mtu atasimama na karatasi, na neno lile litakuwa tayari linamngoja: hakubahatika. Alikuwa ameliona likimfunika dada yake kama udongo wa kwanza. Yeye hakutaka lisomwe juu yake, na kwa kuwa hataweza kusimama kumkatiza msomaji siku hiyo, ilimbidi alifute sasa, akiwa na pumzi.

*

Asubuhi ya Ijumaa alikwenda kwa Rugaibula. Alimkuta kaka yake kwenye kibaraza akilinoa panga la kupogolea mibuni.

"Karibu, waitu, ndugu yetu," Rugaibula alisema bila kuinua macho. Waliamkiana kama inavyotakiwa, wakaulizana habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Wifi yake akaleta kijikapu cha akamwani, zile buni kavu zilizochemshwa na majani ambazo mgeni hupewa atafune. Evodia alichukua moja, akaitia mdomoni ili isije ikasemwa kwamba alikataa.

"Nimekuja kwa ajili ya ukumbi," akasema.

"Ukumbi ni wa kahawa."

"Kahawa haijaiva."

"Ikiiva haitanisubiri." Aliupitisha ukingo wa panga kwenye kidole gumba. "Lakini mimi si mtu mbaya, Evodia. Ukoo utakutana Jumapili ya wiki ijayo. Simama pale, useme ulinikosea siku ya msiba. Siku hiyohiyo nakupa ufunguo."

"Afisa anakuja kesho."

"Basi afisa ataongea na kufuli."

Evodia aliitafuna ile buni mpaka ikawa unga. "Nitaomba radhi kwa kupaza sauti mbele ya maiti," alisema. "Hilo nitaliomba, hata sasa hivi, hata kwa magoti. Lakini kwa nilichosema, hapana."

Rugaibula aliliweka panga chini. Sasa ndipo alipomtazama, na uso wake haukuwa wa mwenyekiti. "Ulichosema ni kwamba mimi nilimzuia Alistidia. Mbele ya padri. Mbele ya watu wa chama. Mimi nilikuwa mtoto, Evodia! Nilikuwa na kaptula! Baba ndiye aliyesema asome mmoja tu."

"Najua."

"Sasa mimi ningefanya nini?"

"Hakuna. Hukuwa na ufunguo." Evodia aliinuka, akakung'uta kitenge chake. Sauti yake haikutetemeka, na yeye mwenyewe alishangaa. "Zamani hukuwa na ufunguo, kaka. Leo unao. Baki salama."

*

Mchana yeye na wenzake walikutana mbele ya ukumbi kulitazama lile kufuli. Lilikuwa kubwa, jipya, linang'aa kama sufuria ya harusi. Ndani kulikuwa na ubao wao wa kuandikia, na madawati mawili waliyoyatengenezesha.

"Mimi nyumbani nina nyundo," Verdiana alisema.

"Hapana."

"Ndogo tu."

"Tukivunja tutakuwa wezi wa ukumbi wa kahawa," Evodia alisema, "naye atakuwa mlinzi. Atafurahi mpaka Pasaka."

"Basi twende kwangu," Yasmin alisema. "Duka nitalihamishia pembeni."

"Afisa ameambiwa ukumbini. Akija huku akakuta patupu, nani atamtafuta kwenye majora ya vitenge?" Evodia alikitazama kibaraza cha ukumbi. Kilikuwa kipana, saruji yake imepasuka, na bati lilikifunika kidogo tu. Alikitazama kwa muda mrefu kwa yale macho yake ya kuhofia, yanayoona mahali maji yatakapoingilia kabla mvua haijanyesha. "Tutatandika nyasi," akasema.

Verdiana alifungua mdomo, akaufunga, akaanza kucheka polepole kutoka tumboni.

Maana nyasi si kitu cha mchezo kwa Wahaya. Ukizikata nyasi laini za rweya, ule uwanda wa nje ya migomba, ukazitandika sakafuni, umetangaza kwamba hapo ni nyumba na kwamba kuna mgeni wa heshima anayengojwa. Hakuna anayepita juu yake na viatu. Hakuna anayemfukuza aliyekaa juu yake. Mtu anaweza kumfukuza mwanafunzi kibarazani kwake, lakini nani atajitia aibu ya kuwafukuza wenye mgeni?

Usiku ule Evodia alimweleza mumewe, si kwa kuomba ushauri. Kagaruki alisikiliza, akasema "Mmh," akatoka na tochi. Evodia alisikia vitu vinaburutwa huko kwenye jiko la zamani. Hakwenda kutazama. Mtu aliyenyamaza kikaoni, alijiambia, na aendelee kunyamaza.

Kulipopambazuka wanawake walikuwa tayari rweya, wameinama na mundu, umande ukiwalowesha hadi magotini. Walibeba nyasi vichwani kuvuka barabara, na wanaume wachache waliowahi kuamka walisimama kuwatazama.

"Kuna harusi?" mmoja aliuliza.

"Ipo," Verdiana alijibu. "Bwana harusi ni hesabu. Sura yake mbaya, lakini ana msimamo."

Walifagia kibaraza, wakatandika nyasi nene, kutoka ukingo wa ngazi hadi kwenye kizingiti cha mlango, chini kabisa ya kufuli. Mwalimu Annastella alishuka kwenye pikipiki kutoka Bukoba, akatazama, akavua viatu bila kuuliza. "Ubao?" akasema.

Hapo ndipo Kagaruki alipotokea njiani akiwa ameinama, mgongoni amebeba mlango. Ulikuwa mlango wa jiko la zamani. Alikuwa ameung'oa, akausugua, akaupaka mkaa uliotwangwa pamoja na unga mweusi wa betri kuukuu, kama walivyokuwa wakipaka ubao wa shule walipokuwa wadogo. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Aliuegemeza ukutani, akajifuta jasho, akajipaka weusi usoni pia.

"Mwenyekiti akiuliza ni nani aliyeuleta?" Yasmin alimuuliza.

Kagaruki alimtazama mkewe. "Mwambieni ni mjumbe wa kamati," akasema. "Mwambieni safari hii nimesema." Akaenda zake kunawa.

*

Afisa, Bwana Mutembei, alifika jua likiwa limepanda. Alikuwa mtu mzima, mwenye koti la mvua na mkoba wa ngozi. Aliiegesha pikipiki, akaja hadi kwenye ngazi, akasimama. Alizitazama nyasi. Aliwatazama wanawake waliokaa juu yake wamenyoosha miguu, madaftari mapajani, na mwalimu aliyekuwa amechora duara kwenye mlango na kuligawa vipande kama mkate. Alilitazama na lile kufuli. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Mimi ni Mhaya wa Maruku," alisema. "Mama yangu angenichapa." Akaingia na soksi, akakaa, akapewa akamwani, akatafuna.

"Endeleeni," akasema. "Mnafanya nini?"

"Sehemu," Annastella alisema. "Ma Evodia, theluthi moja na robo moja, jumla yake?"

Evodia alikwenda kwenye mlango mweusi akashika chaki. Kwa muda mfupi namba zilikimbia zote, kama kuku wakiona mwewe. Akakumbuka kutafuta kwanza mahali ambapo zote mbili zinakutana. Akaandika kumi na mbili chini, akaandika nne na tatu juu, akafika.

"Saba ya kumi na mbili," akasema, na Verdiana akapiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba.

Mutembei alicheka. Halafu akawa afisa tena. "Mna chumba?"

"Ni hicho," Evodia alisema, akaonyesha mlango wenye kufuli.

"Ufunguo uko kwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Walikuwa wamekubaliana tangu alfajiri: asitajwe. Kama ana haya, atajitaja.

"Mvua ikija?"

"Tutalowa, bwana afisa. Hatutayeyuka."

Afisa aliwapitishia macho mmoja mmoja. "Mimi nimetumwa kuona kama kuna kituo," alisema. "Kituo nimekiona. Nimekikalia. Mtafanyia mtihani hapa." Kabla hawajapiga kelele akainua mkono. "Lakini siku ya mtihani lazima muwe ndani, penye meza. Hilo siwezi kulipindisha."

Ndipo Yasmin akamgusa Evodia kwa kiwiko. Rugaibula alikuwa amesimama barabarani chini ya mwavuli, ingawa mvua haikuwa ikinyesha. Haijulikani alikuwepo tangu lini. Alikuja polepole hadi kwenye ngazi, akiwa na mabuti yenye tope zito la shambani, akasimama pale nyasi zilipoanzia. Alimwona afisa wa serikali ameketi na soksi zake. Aliona mlango wa jiko wenye sehemu. Alimwona dada yake na chaki.

"Afisa, karibu Izigo," alisema. "Mimi ni mwenyekiti wa chama."

"Ahsante, mwenyekiti. Karibu ndani," alisema Mutembei, kama vile hapo palikuwa ndani kweli.

Rugaibula alitazama kulia, akatazama kushoto. Nyasi zilikuwa zimejaa kote. Hapakuwa na njia ya kulifikia kufuli isipokuwa katikati ya wanawake, na hapakuwa na njia ya kupita katikati yao na mabuti. Angeweza kugeuka akarudi. Evodia alimwona akiipima njia hiyo pia, na hofu ile ya zamani ikamrudia, lakini hakushusha macho, wala hakusogea kumpisha.

"Kaka," alisema, "unaingia au unapita?"

Rugaibula aliufunga mwavuli. Aliinama, akavuta buti la kwanza, likagoma, likatoka na mlio. Akavuta la pili. Soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa imetoboka, na kidole kikubwa kikatokeza mbele ya kadamnasi.

"Masikini," Verdiana alisema taratibu. "Hata soksi haikubahatika."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, kikamkumba hata mwalimu. Rugaibula alisimama katikati yake, uso umemwiva, mkono ukiwa mfukoni. Evodia hakucheka. Alimtazama tu kaka yake, naye alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakuna aliyetangulia kugeuza uso.

"Alizuiwa," Rugaibula alisema, kwa sauti ya chini, ya kumfikia yeye peke yake. "Ningesoma 'alizuiwa', ingekutosha?"

"Kwa Alistidia, ndiyo," Evodia alisema. "Kwangu mimi usiandike kitu bado."

Alipita kati yao kwa soksi, akikwepa madaftari. Alitoa ufunguo. Kufuli lilikuwa jipya na gumu, likamsumbua, ikabidi alishike kwa mikono miwili. Kisha likaachia, na mlango wa ukumbi ukafungukia ndani, ukatoa harufu ya magunia na kahawa ya mwaka jana.

Hakuna mwanamke aliyeinuka.

"Ahsante, kaka," Evodia alisema, akaugeukia tena mlango wa jiko. "Huo wa ukumbi uache wazi hivyohivyo, mwanga uingie. Tukimaliza hesabu hii tutahamia. Mwalimu, nipe nyingine."